Mbwa Haongezwi Ukali kwa Pilipili

"Daktari, nipe dawa ya kumfanya mbwa wangu awe mkali." Dawa hiyo haipo, na hata ingekuwepo nisingeitoa. Wengi wanaoniuliza huwa wameshajaribu za mtaani: pilipili kichaa kwenye ugali, moshi wa bangi, na kumfungia mbwa bandani kutwa nzima asizoee watu.

Pilipili humuunguza mdomo na tumbo. Atatapika na kuharisha, basi. Bangi ni sumu kwake: huyumba, hujikojolea, na akiila nyingi huweza kupoteza fahamu. Baya zaidi ni banda, kwa kuwa linaonekana kufaulu. Kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 14 ya umri wake, mbwa hujifunza yapi ni ya kawaida duniani: watoto, wageni, bodaboda, vishindo vya jikoni. Aliyefungiwa kipindi hicho huona kila kitu kigeni kuwa hatari. Anapobweka na kuparamia wavu, mwenye nyumba hufurahi. Mimi naona mkia uliofyatwa, masikio yaliyolazwa nyuma na mwili unaotetemeka. Mbwa huyo anaogopa, na mbwa anayeuma kwa hofu hachagui. Mwizi akimkabili kwa panga, huenda mbwa huyo akakimbia. Mtoto wa jirani aliyefuata mpira ndiye anayeng'atwa. Mlinzi mzuri amezoea watu, ndiyo maana hushtuka anapoona jambo lisilo la kawaida. Na ukimpiga kwa sababu amenguruma, unamfundisha kuuma bila kuonya.

Fanya hivi. Mbwa aliyebadilika tabia ghafla apimwe kwanza: jino bovu, sikio lenye usaha au nyonga inayouma huleta ukali. Ukishuku kichaa cha mbwa, usimshike. Mwite daktari wa mifugo. Uking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mchanje mbwa wako kwa ratiba. Mtembeze. Anachokiogopa, mwonyeshe kwa mbali huku ukimpa kipande cha nyama, kisha sogea kidogo kidogo kila siku. Dawa za wasiwasi, kama fluoksetini na klomipramini, zipo. Huchukua wiki kadhaa kuleta nafuu, huenda sambamba na mafunzo, na kipimo chake hupangwa na daktari. Usimpe vidonge vyako. Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo mbebe mikononi, aone watu na barabara sasa, kabla kipindi chake cha kujifunza hakijampita.