Onja Polepole: Wikiendi Yetu Kwenye Mizabibu ya Dodoma

Naomba nianze na ungamo. Kwa miaka miwili sasa shemeji yenu anaishi Dodoma, mimi niko Dar es Salaam. Ofisi yao ilihamia makao makuu naye akaifuata, mimi nikabaki na jarida letu hili. Kila aliponiambia "njoo ukae huku", jibu langu lilikuwa lilelile: "Dodoma vumbi." Basi yeye ndiye akawa anakuja, Ijumaa usiku mpaka Jumapili mchana. Ukitoa usingizi, kufua na kanisani, wikiendi imekwisha.

Agosti akabadilisha mbinu. Hakuniambia nije kukaa. Alisema, "Njoo tuonje waini." Nikacheka, nikakata tiketi.

Tangu Julai 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, na ile ya haraka hutumia chini ya saa nne. Ukishaipita Morogoro nchi inaanza kubadilika. Kijani kinapungua, mibuyu inajitokeza, na majabali yamepandana juu ya vilima kama kuna mtu aliyapanga kwa mkono. Miaka yote nimeipita njia hii kwa basi nikiwa nimelala. Kumbe ni nchi nzuri jamani!

Mkasi ndio unaoamua

Jumamosi tulikodi gari na dereva wake, maana anayeonja hashiki usukani, tukaelekea Hombolo, nje kidogo ya jiji. Mizabibu imepangwa kwa mistari kwenye udongo mwekundu, imeshikiliwa na nguzo na waya, na kwa mbali unaona bwawa linang'aa.

"Mbukwenyi!" alitupokea mama mwenye shamba kwa Kigogo. "Shikamoo mama," tukajibu kwa Kiswahili chetu, akacheka.

Wavunaji walikuwa kazini. Ulaya zabibu huvunwa mara moja kwa mwaka, kwa sababu baridi kali huulaza mzabibu. Dodoma hakuna baridi hiyo. Mkulima akipogoa, mzabibu unachipua upya, na baada ya miezi kama minne anavuna. Ndiyo maana hapa wanavuna mara mbili, mwanzoni mwa mwaka na tena karibu na Agosti na Septemba. Zao lenyewe lilianzishwa na mapadre wamisionari huko Bihawana katika miaka ya 1950, wakitafuta divai ya misa.

Mama hakutuficha shida zake. Viwanda vikijaa, zabibu hukosa mnunuzi, na zikishaiva haziwezi kukaa. Ndipo alipojifunza kusindika mwenyewe. "Mchuzi unangoja," alisema, akimaanisha mvinyo ambao bado haujatiwa kwenye chupa. "Zabibu haingoji mtu."

"Nzuri" siyo ladha

Kwenye chumba chenye matangi matatu alituwekea glasi mbili, ndoo ya kutemea na mikate mikavu. Akatufundisha: tazama rangi kwenye mwanga, zungusha glasi, nusa, kisha chukua funda dogo na ulizungushe mdomoni kabla ya kumeza au kutema.

Tulianza na mweupe, ukafuata mwekundu wa aina ya Makutupora, zabibu yao ya hapahapa. Wekundu, alisema, unatoka kwenye maganda, na ule ukakasi unaokausha ulimi unatoka hukohuko.

"Unaonaje?" akaniuliza.

"Mzuri," nikasema.

"Hapana. Nzuri siyo ladha. Niambie unafanana na nini."

Nikanywa tena, nikafumba macho. Zambarau. Halafu ukakasi wa bibo, ule unaokamata koo. Mume wangu akasema yeye anasikia ukwaju na moshi. Tukabishana kama watoto, na mama akatuambia wote tuko sahihi, kila mtu ana ulimi wake.

Jioni tulikaa kando ya bwawa na chupa tuliyonunua, jua linazama. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Ukiniambia kwenye simu 'niko poa', inafanana na nini?"

Msomaji wangu, nilitamani kusema "vumbi". Lakini nilikuwa nimeshinda siku nzima nikifundishwa kutojibu ovyo. Nikamwambia inafanana na kula chakula cha jioni mbele ya televisheni, sahani moja, simu imeegemezwa kwenye chupa ya maji. Nikamwambia na lile ambalo sikuwahi kulisema: siogopi vumbi. Naogopa nikiondoka Dar nitapoteza kiti nilichokihangaikia miaka kumi, halafu nitamlaumu yeye.

Naye akasema kwake ni kama nyumba ya wageni. Miaka miwili hajanunua hata pazia, kwa sababu anangoja jibu langu.

Hatukumaliza kila kitu usiku ule. Sijahama. Lakini niliomba ofisini, na sasa wiki moja ya kila mwezi nafanyia kazi Dodoma. Baada ya mwaka tutakaa chini tuamue, na tumeshakubaliana kwamba hata mimi naweza kuambiwa "hapana". Mapazia tulinunua Jumapili ileile, kabla ya treni.

Kama na ninyi mnataka kwenda

Nendeni wakati wa mavuno, na pigeni simu shambani kabla. Siyo kila mahali pamezoea wageni. Kuleni kwanza, kunyweni maji mengi, na msione aibu kutema. Kama mmoja wenu hanywi, zabibu mbichi na juisi yake vinatosha kabisa kumpa naye nafasi ya kuonja na kubishana.

Mkirudi na chupa ya mwekundu, msiinywe katika joto la Dar kama ilivyo. Iwekeni kwenye friji kama nusu saa kwanza. Ikipata moto, pombe ndiyo inayosikika peke yake.

Halafu zimeni televisheni, mwulizane lile swali la mama. Na mwenzako akijibu "nzuri", mwambie anywe tena.