Fedha za Kwanza Hununua Jibu

Mwaka 1976 Robert Swanson, kijana wa miaka 28 asiyekuwa na kazi, alimpeleka Profesa Herbert Boyer wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kwa Tom Perkins wa kampuni ya uwekezaji ya Kleiner & Perkins. Wazo lao lilikuwa kuifanya bakteria itengeneze insulini ya binadamu. Wagonjwa wa kisukari wakati huo walijidunga insulini iliyotolewa kwenye kongosho za nguruwe na ng'ombe. Boyer na mwenzake Stanley Cohen wa Stanford walikuwa wameonyesha mwaka 1973 kwamba vinasaba vinaweza kukatwa, kuunganishwa na kupandikizwa ndani ya bakteria, lakini kutoka hapo hadi chupa ya dawa kulikuwa na safari ambayo hakuna aliyewahi kuimaliza.

Perkins hakuwa mtaalamu wa biolojia. Alimuuliza Boyer mambo ambayo fundi yeyote mzuri angeulizwa: utahitaji vifaa gani, itachukua muda gani, na utajuaje kwamba umefika? Boyer alikuwa amekwisha kuyafikiria. Swanson aliomba takriban dola 500,000 ili kujenga maabara na kuajiri watu. Perkins aliona kiasi hicho ni kikubwa mno kwa jambo ambalo huenda lisiwezekane kabisa. Akashauri kazi igawanywe kwa mikataba kwenye maabara zilizokuwapo tayari, akatoa dola 100,000. Hivyo ndivyo kampuni ya Genentech ilivyoanza.

Kwangu mimi, somo kubwa la kuwasilisha wazo la sayansi ya uhai kwa wenye mtaji limo katika punguzo hilo. Fedha za kwanza hazikutolewa kujenga kampuni. Zilitolewa kununua jibu la swali moja: je, bakteria inaweza kutengeneza protini ya binadamu, ndiyo au hapana?

Hata insulini yenyewe iliwekwa kando kwanza. Insulini ina asidi amino 51. Somatostatini, homoni nyingine ya binadamu, ina 14 tu, na soko lake halikuwa kitu cha kujivunia. Ilichaguliwa kwa sababu ni fupi, na kama njia ingeshindwa kwa homoni fupi kiasi hicho, hapakuwa na haja ya kupoteza fedha kwa ndefu. Jaribio la kwanza mwaka 1977 lilitoka tupu: jeni ilikuwa ndani ya bakteria lakini homoni haikuonekana. Swanson alipatwa na maumivu ya tumbo siku hizo hadi akakimbizwa hospitali. Baadaye watafiti Arthur Riggs, Keiichi Itakura na wenzao walitambua kwamba bakteria ilikuwa ikiimeng'enya homoni mara inapotengenezwa. Wakaiunganisha na protini kubwa ya bakteria yenyewe ili iilinde, kisha wakaikata kwa kemikali baada ya kuvuna. Agosti mwaka huo homoni ikapatikana. Mwaka mmoja baadaye insulini nayo ikapatikana, na kampuni ya dawa ya Eli Lilly ikaingia mkataba. Insulini hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1982.

Sasa tutazame mfano wa pili, wenye maumivu. Elizabeth Holmes alianzisha kampuni ya Theranos mwaka 2003 akiwa na miaka 19. Aliahidi vipimo vingi vya maabara kwa matone machache ya damu ya kidoleni. Ahadi hiyo ingemgusa mtu yeyote aliyewahi kumshika mtoto wakati wa kutolewa damu. Alikusanya zaidi ya dola milioni 700. Familia tajiri ya Walton na mmiliki wa vyombo vya habari Rupert Murdoch walitoa zaidi ya dola milioni 100 kila upande, na bodi ikajaa mawaziri wa zamani na maafisa wa jeshi wastaafu. Waliokosekana kwa sehemu kubwa ni wawekezaji waliobobea katika tiba na vipimo, wale ambao wangetaka kuona matokeo ya mashine ya Theranos yakiwekwa kando ya matokeo ya maabara ya kawaida, sampuli kwa sampuli. Mashine yao, Edison, ilimudu vipimo vichache tu; vingine vilifanywa kwenye mashine za kampuni nyingine. Mahakamani Holmes alikiri kwamba yeye mwenyewe aliweka nembo ya kampuni ya dawa ya Pfizer kwenye ripoti ambayo Pfizer haikuiandika.

Januari 2022 baraza la mahakama lilimtia hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji. Kwa mashtaka yaliyowahusu wagonjwa hakupatikana na hatia. Nalisema hili kwa uchungu. Mwekezaji alipoteza sehemu ya fedha alizokuwa nazo, lakini mgonjwa aliyepewa jibu la uongo kuhusu damu yake alitoka na karatasi iliyoweza kumfanya aache dawa au aanze asiyoihitaji. Anayesimama kuomba mtaji kwa kifaa cha tiba anazungumza pia na huyo asiyekuwamo chumbani.

Afrika Mashariki ina vijana wenye uwezo wa kazi hii. Mwaka 2018 Brian Gitta wa Uganda alishinda tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering kwa Matibabu, kifaa kinachobanwa kidoleni ili kutafuta dalili za malaria kwa mwanga na sumaku, bila kutoa damu. Mwekezaji makini akiletewa kifaa cha namna hiyo hataanza na idadi ya wagonjwa wa malaria barani, hiyo anaijua. Ataanza na kipimo cha haraka ambacho mhudumu wa zahanati anacho mezani leo: tone moja la damu, dakika 15 au 20, bei ya jumla isiyofika dola moja. Chako kinakishinda kwa lipi?

Jibu la kweli linaweza kuwepo. Vipimo vingi vya haraka hutafuta protini ya kimelea iitwayo HRP2, na nchini Eritrea na Ethiopia vimepatikana vimelea vilivyopoteza jeni ya protini hiyo, hivyo mgonjwa anaumwa na kipimo kinasema hana kitu. Mtu akiliweka hilo kwenye slaidi ya kwanza, akaonyesha sampuli ngapi amezilinganisha na hadubini, ngapi zilimkosesha na kwa wagonjwa wa aina gani, amekwisha kuheshimu muda wa kila aliyemo chumbani. Ngapi zilimkosesha ndiyo takwimu ambayo wawasilishaji wengi huificha, na ndiyo ambayo mimi ningeitafuta kabla ya nyingine yoyote.

Vibali navyo si kiambatisho cha mwisho. Nchini Tanzania, vifaa tiba na vitendanishi husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na utafiti kwa binadamu unahitaji kibali cha maadili kabla ya kugusa mgonjwa wa kwanza. Miezi ya kusubiri vibali hivyo ina mishahara na kodi ya jengo, na lazima ionekane kwenye bajeti. Halafu kuna mlipaji. Vipimo vya malaria vinavyofika zahanati zetu kupitia Bohari ya Dawa hununuliwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za wafadhili kama Global Fund, ambao kwa vipimo vya aina hiyo hutazama kwanza orodha ya vipimo vilivyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani. Mwanzilishi anayepanga bei kwa kumfikiria mama aliyeketi kwenye benchi la zahanati, bila kuzungumza na ofisi inayoagiza vipimo hivyo, bado hajamjua mteja wake, na mwekezaji atamuuliza jina la mtu aliyezungumza naye katika ofisi hiyo.