Boxer Inapokula Oili

Moshi wa buluu una nyakati zake, na anayezijua nyakati hizo hujiokolea kazi nyingi kabla hajashika spana. Pikipiki inayofuka wakati wa kupanda kwenda Ihandiro, ina magunia ya kahawa nyuma na dereva amevuta mafuta mpaka mwisho, inakueleza kwamba ringi za pistoni zimechoka. Nyingine hupanda bila moshi wowote. Hushuka mteremko mrefu mafuta yamefungwa, na ikifika chini Bwera, dereva anapovuta mafuta tena, hutoa wingu moja zito kisha ikanyamaza. Ringi za hiyo huenda bado ni nzima. Kinachovuja ni sili za valvu. Wakati wa kushuka, gurudumu linaendelea kuizungusha injini huku kabureta imefungwa, kwa hiyo pistoni inavuta bila kupata hewa ya kutosha. Mvuto huo ndio unaonyonya oili kupitia shina la valvu ya kuingizia hewa. Sili ni kitu kidogo cha mpira. Kuna watu waliobadilisha pistoni na silinda nzima kwa sababu ya sili.

Naandika haya kwa ajili ya wale ambao si mafundi wa kazi: mwalimu mwenye pikipiki moja, kijana wa bodaboda aliyechoka kulipia matengenezo yasiyodumu, mkulima wa Kyarumba mwenye kisanduku cha spana na Jumamosi mbili za kutumia. Injini ya Boxer BM 100, iliyojaa katika barabara zetu za wilaya ya Kasese, ni mwalimu mzuri. Ina silinda moja na valvu mbili, na hupozwa na hewa tu. Kipenyo cha silinda ni milimita 53 na mwendo wa pistoni ni milimita 45. Piga hesabu ya ujazo wake utapata sentimita za ujazo 99 na nukta. Ng'ambo ya mto Lhubiriha ulio mpakani, upande wa Kasindi, utakutana pia na pikipiki za Kichina zilizoiga Honda CG125, injini iliyotoka Japani mwaka 1976. Hiyo huinua valvu zake kwa fito badala ya cheni ya taimingi, na Honda waliiunda hivyo kwa makusudi, ili istahimili watu wasioitunza. Ninayoyasema hapa kuhusu silinda na ringi yanazihusu zote mbili.

Kwa nini injini zetu huchakaa mapema? Vumbi ndilo adui wa kwanza. Chujio la hewa lililopasuka, au lililotolewa na dereva anayeamini kwamba pikipiki itapata nguvu zaidi bila hilo, huingiza mchanga laini moja kwa moja kwenye silinda, na mchanga huo hukaa kati ya ringi na chuma ukisaga kila pistoni inapopanda na kushuka. Adui wa pili ni mlima wenyewe. Injini inayopozwa na hewa hutegemea upepo upite kwenye mapezi yake. Kwenye tambarare ya Kasese upepo huo upo, hata jua likiwa kali. Kwenye njia za Rwenzori pikipiki hupanda kwa gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayekimbia, imebeba uzito mkubwa, na hewa haipiti. Oili huwa nyepesi, utando wake ukutani mwa silinda hukatika, chuma kikagusa chuma. Tope lililokaukia kwenye mapezi huzidisha joto hilo, na kuliosha hakuhitaji fundi.

Kabla ya kufungua chochote, pima mgandamizo. Geji ya kupimia hufungwa mahali pa plagi, unavuta mafuta mpaka mwisho, unapiga kiki mpaka sindano iache kupanda. Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya pikipiki havilitaji. Kasese na Bwera ziko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina shinikizo dogo kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ile ya Mombasa. Injini nzima kabisa itasoma chini kidogo ya namba ya kitabu. Usiihukumu kwa hilo. Muhimu zaidi ni kipimo cha pili: mimina kijiko cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, zungusha injini kidogo, pima tena. Namba ikiruka juu, oili imeziba pengo la ringi kwa muda, na tatizo liko kwenye ringi au silinda. Ikibaki palepale, shuku valvu au gasketi ya hedi.

Sasa tuseme umefungua, na silinda iko mezani imeoshwa kwa mafuta ya taa, mbali na jiko. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wananunua ringi mpya, wanazivalisha kwenye pistoni ya zamani, wanafunga, na moshi unapotea kwa wiki chache. Kisha unarudi. Nina msimamo mkali juu ya jambo hili: asiyepima silinda asinunue ringi. Ringi mpya ndani ya silinda iliyopanuka ni fedha iliyotupwa, na mara nyingi ni fedha ya mtu ambaye hana nyingine.

Kipimo chenyewe hakihitaji karakana. Kinahitaji fila geji, ule mkungu wa vibati vyembamba vilivyoandikwa unene wake, pamoja na ringi ya juu ya zamani uliyoitoa kwenye pistoni. Ringi ni duara lililokatwa. Ukiitia ndani ya silinda peke yake na kuisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, ncha zake mbili huacha mwanya, na mwanya huo unapimika. Ipime mara mbili. Kwanza isukume mpaka chini kabisa mwa silinda, ambako ringi hazifiki injini inapofanya kazi na chuma hakijaliwa. Kisha ilete juu, chini kidogo ya pale ringi ya juu inaposimama na kugeuka. Sehemu hiyo ndiyo huliwa kuliko zote, kwa sababu moto na shinikizo viko kileleni, na pistoni husimama kwa nukta moja kabla ya kurudi, hivyo oili haipati mwendo wa kuibeba.

Namba hizo mbili hugawanya lawama. Mwanya wa chini unaeleza hali ya ringi yenyewe: kwa silinda ya milimita 53, ringi mpya huwa na mwanya wa karibu milimita 0.2, na ukisoma 0.45 ujue ringi imelika. Tofauti kati ya juu na chini inaeleza hali ya silinda. Mzingo wa duara ni kipenyo mara 3.14, kwa hiyo kipenyo kikiongezeka kidogo tu, mwanya unaongezeka zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho. Gawanya tofauti hiyo kwa 3.14 upate kiasi ambacho silinda imepanuka. Tuseme chini umesoma 0.45 na juu 0.80. Tofauti ni 0.35, silinda imepanuka milimita 0.11. Ringi mpya ikiwekwa hapo itakuwa na mwanya wa 0.20 chini na 0.55 juu, na kwa mwanya wa 0.55 moshi utarudi. Kwa kawaida silinda ikishapanuka kiasi cha milimita 0.10 huhesabiwa kuwa imekwisha, ingawa kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Fila geji ya bei ndogo imekupa jibu ambalo wenye maikromita za ndani huringia.

Njia hii ina upungufu mmoja: inatoa wastani wa duara zima, haionyeshi kama silinda imelika upande. Na hulika upande, mbele na nyuma, kwa sababu konrodi huisukuma pistoni ukutani. Paka kidole oili kidogo upapase nacho hapo. Ukisikia ngazi karibu na ukingo wa juu, au ukiona mikwaruzo ya wima inayokwaza ukucha, silinda inaenda kwenye mashine bila mjadala.

Kazi ya kupanua silinda haifanyiki nyumbani, na simshauri mtu yeyote aijaribu kwa msasa. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kukereza, lakini usimpelekee silinda peke yake. Nenda na pistoni mpya mkononi. Pistoni kubwa huuzwa kwa hatua, 0.25 au 0.50 na kuendelea, namba ikiwa imepigwa kichwani. Lakini namba iliyopigwa ni ahadi, nayo ahadi hupimwa. Fundi apime pistoni ile ile utakayoifunga, kwenye sketi yake, upande unaokatana na pini, kwa sababu pistoni si duara kamili na imetengenezwa hivyo kwa makusudi. Kisha akate silinda iifuate, akiacha nafasi ya sehemu chache za mia za milimita. Nafasi ikizidi itagonga na kufuka. Ikipungua, pistoni itavimba kwa joto na kukwama mlimani. Akishakata, ukuta usuguliwe kwa jiwe mpaka uonyeshe mistari inayopishana, maana mistari hiyo ndiyo hushika oili wakati ringi zinapojifunza ukuta. Silinda inayong'aa kama kioo haijamalizika.

Spea bandia ni mada yenye uchungu mpakani kwetu. Boksi zuri si ushahidi. Dukani, kabla hujalipa, omba uingize ringi ndani ya mfereji wake kwenye pistoni na uizungushe kwa vidole. Ikikwama au ikilegea sana, rudisha. Muuzaji anayekataa kitu kipimwe amekwisha kujibu swali lako.

Chini ya silinda kuna kranki. Ishike konrodi, ivute juu na uisukume chini bila kuizungusha. Kucheza kidogo kwenda kushoto na kulia ni kawaida yake. Kucheza juu na chini, hata kwa kiasi unachokisikia tu bila kukiona, ni ugonjwa wa bering, na hapo injini yote inafunguliwa. Kranki ya pikipiki hizi hutenganishwa na kuunganishwa kwa presi, kisha hunyooshwa kwa vipimo. Mpelekee mwenye presi.

Valvu, kinyume chake, ni kazi ya nyumbani kabisa. Zisage kwenye vikalio vyake kwa pesti mpaka zionyeshe utepe mmoja wa kijivu usiokatika, osha vizuri, zifunge, kisha geuza hedi juu chini na umimine mafuta ya taa kwenye chemba. Yakitokeza kwenye tundu la hewa au la moshi, endelea kusaga.

Wakati wa kufunga, ziba mdomo wa injini kwa kitambaa kabla hujagusa klipu za pini ya pistoni. Klipu ikidondoka ndani utaifungua injini nzima kwa ajili ya kipande cha waya. Klipu ziwe mpya daima. Ringi huwa na alama, na alama hutazama juu. Mianya yake isikae mstari mmoja. Upande wa magneti tafuta herufi T, ilinganishe na alama ya kwenye kava pistoni ikiwa kileleni, ndipo uvalishe cheni ya taimingi na uweke nafasi za valvu. Zungusha injini kwa mkono mara kadhaa kabla ya kupiga kiki. Ikigota, usilazimishe.

Nati za hedi ndizo huwasumbua wasio na spana ya torki. Zipo njia za uaminifu. Torki ni nguvu mara urefu wa mkono. Chukua mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki wa Katwe, ifunge kwenye spana sentimita 20 kutoka katikati ya nati, uivute kwa pembe mraba. Ikisoma kilo 10, umekaza kwa karibu niutoni mita 20. Tafuta namba sahihi ya injini yako, kaza kwa hatua, na kwa kukatiza, nati inayofuata iwe ile inayokabiliana na uliyotoka kuikaza. Nyuzi zilizokatwa kwenye alumini hazisamehi mkono wenye hasira.

Oili iwe ya pikipiki, kwa joto letu 20W-50, na kopo liandikwe JASO MA. Klachi ya pikipiki huogelea ndani ya oili ile ile ya injini, na oili za magari zenye viungo vya kupunguza msuguano huifanya iteleze.

Injini ikiwaka, usiiache ikinguruma tu palepale kwa nusu saa. Ringi hukandamizwa ukutani na shinikizo la moto, na bila mzigo wa wastani ukuta hung'arishwa tu, ringi zisikae. Barabara ya lami kutoka Kasese kupitia Kikorongo inafaa sana kwa kazi hii: ni tambarare, unaweza kuvuta mafuta kiasi, kuyafunga, kuvuta tena, mwendo ukibadilikabadilika. Kahawa na abiria wangoje. Milima pia ingoje. Oili ya kwanza imwagwe mapema, isizidi kilomita 500, na imwagwe kwenye chombo cheupe. Vumbi la kung'aa, laini kiasi kwamba huwezi kulishika, ni ringi na silinda zikizoeana. Kipande chochote unachoweza kukiokota kwa kucha kitafutiwe kilikotoka kabla pikipiki haijapanda tena. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa imepoa usiku kucha, rudia kupima nafasi za valvu, kwa sababu valvu zilizosagwa huzama kidogo kwenye vikalio vyake baada ya joto la kwanza, na nafasi uliyoiweka wakati wa kufunga huenda si ileile iliyopo sasa.