Je, Wajua? Pilipili Huunguza, Kisha Hutuliza

Mama wa Bengamisa, nchini Kongo, anapotwanga pilipili ya kutia kwenye sombe, kinuni mwake mna dawa ya maumivu.

• Pilipili haina moto wowote. Kemikali yake, kapsaisini, huamsha kihisio kilekile cha neva kinachoshtuka joto likizidi nyuzi 43 hivi. Ubongo hudanganyika, ukadhani ulimi umeungua. Kwa kukigundua kihisio hicho, Mmarekani David Julius alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2021.

• Neva ikichokozwa mara nyingi, huchoka. Ndiyo maana krimu ya kapsaisini hupakwa kwenye magoti yanayouma. Siku za kwanza huwasha. Baadaye maumivu hupungua.

• Ndege hawausikii ukali huo. Humeza pilipili nzima, wakaenda kuangusha mbegu mbali.

• Vidole vikiwasha, maji matupu hayasaidii. Paka kwanza mafuta ya mawese, kisha nawa kwa sabuni. Na goti likiuma, usilisugue kwa pilipili mbichi: inaweza kukuchubua ngozi.