Ufunguo wa Tovuti ya Tawi Uko Mkononi mwa Nani?



Matawi mengi siku hizi yanataka tovuti, na si jambo baya. Mfanyakazi wa shamba la chai aliye mbali na Kampala anaweza kusoma mkataba wa pamoja kwenye simu yake bila kungoja katibu apande basi kumpelekea. Yule wa kiwandani ambaye bado hana chama anaweza kuandika malalamiko yake usiku, nyapara akiwa amelala. Lakini fedha inayonunua tovuti hiyo ni ya makato ya wanachama, na yapo mambo ambayo yafaa kamati iyajue kabla fedha haijatoka.

Kwanza tuelewane juu ya kinachonunuliwa. Tovuti nyingi za vyama na maduka madogo hazitengenezwi tangu mwanzo. Chini kuna programu inayoendesha kazi yote, na iliyoenea kuliko zote ni WordPress, ambayo ilitolewa mwaka 2003 na haina malipo. Juu yake huvikwa kiolezo, yaani sura iliyokwisha kutengenezwa: rangi zake, mahali pa picha, mahali pa maneno. Aliyewahi kuagiza kalenda Nasser Road anaujua utaratibu huu. Mchapaji hakuchorei kalenda yako. Anayo ya watu wengine kwenye kompyuta, anafuta jina la shule iliyotangulia na kuweka la tawi lako. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Kalenda ikishatundikwa ukutani haiwezi kumfungulia mtu mlango. Kiolezo cha tovuti si picha tu. Ndani yake kuna maagizo ambayo kompyuta huyatekeleza kila mara mtu anapofungua ukurasa, na maagizo hayo yanaweza kufanya karibu lolote ambalo mwenye tovuti mwenyewe angeweza kufanya.

Sasa tazameni bei. Soko moja kubwa la violezo ni ThemeForest, lililofunguliwa mwaka 2008 na kampuni ya Envato ya Australia. Kwa miaka mingi kiolezo kizuri kiliuzwa huko kwa dola 40 mpaka 60, yaani kama shilingi 150,000 mpaka 220,000 za hapa kwetu. Leseni ya kawaida ilikuwa ya tovuti moja tu, na msaada wa aliyekitengeneza ulikuwa wa miezi 6. Bei hiyo haiwezi kuliumiza tawi. Lakini kijana anayeahidi tovuti nzima kwa shilingi 200,000, pamoja na jina la tovuti, nafasi kwenye seva na nauli yake, kiolezo cha bei hiyo hiyo atakipata wapi? Fanyeni hesabu wenyewe. Wako wanaochukua cha bure kilicho halali, na hao hawana kosa. Wako wanaonunua kimoja na kukivika wateja kumi. Na wako wanaokwenda kwenye kurasa zinazogawa bure violezo vya kulipiwa, vilivyokwisha kuvunjwa kufuli, kisha wanaliandikia tawi bei kamili.

Aliyevunja kufuli hakufanya kwa ajili ya sadaka. Mnamo Novemba 2014 kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya Uholanzi, Fox-IT, ilieleza juu ya mlango wa siri ilioupa jina CryptoPHP, uliofichwa ndani ya violezo na vifaa vya nyongeza vya wizi. Watu waliviweka kwenye tovuti zao kwa mikono yao wenyewe. Mwaka 2019 kampuni ya Wordfence ikaeleza habari za WP-VCD, iliyosambazwa kwa njia hiyo hiyo. Huyo alikuwa mbaya zaidi: akiingia kwa kiolezo kimoja huviambukiza vingine vilivyo karibu, na hata tovuti nyingine zilizo katika akaunti ile ile ya seva. Kumbukeni sasa yule kijana mwenye wateja kumi, ambaye kwa kubana matumizi amewaweka wote katika akaunti moja.

Tawi moja ninalolihudumia lilinunua tovuti ya namna hiyo. Kwa miezi mitatu ilikuwa nzuri. Kisha wanachama wakaanza kucheka, kwamba ukiitafuta tovuti ya tawi kwa simu unapelekwa kwenye kamari za mpira. Katibu akaifungua kwenye kompyuta ya ofisi, akaona picha za Mei Mosi na hotuba ya mwenyekiti kama alivyoziacha. Akasema wanachama wanamchezea. Kumbe pande zote mbili zilikuwa zinasema kweli. Maagizo ya namna hii mara nyingi huandikwa yasijionyeshe kwa mtu aliyeingia kama msimamizi, na ndiyo sababu mwenye nyumba huwa wa mwisho kujua. Fundi mwingine alipoitwa alikuta kwenye tovuti msimamizi wa pili ambaye hapakuwa na mtu katika kamati aliyemfahamu. Kijana aliyeuza hakupatikana tena kwa simu.

Kamari ilikuwa aibu, na aibu hupita. Lakini tovuti ile ilikuwa pia na fomu ya kujiunga na chama. Wafanyakazi 17 wa kiwanda cha jirani, ambako hakuna chama na mwenye kiwanda hataki hata kulisikia neno lenyewe, walikuwa wamejaza majina yao, namba za simu na idara wanazofanyia kazi. Yule msimamizi asiyejulikana aliweza kuisoma orodha hiyo saa yoyote. Kama aliisoma au aliiuza, hakuna aliyeweza kutuambia. Ikabidi tuwaendee wale 17 mmoja mmoja, jioni, majumbani kwao, tuwaeleze. Wawili waliomba majina yao yafutwe, na hakuna aliyewalaumu. Haki ya kujiunga na chama imeandikwa katika ibara ya 40 ya Katiba ya mwaka 1995, lakini ukiwa kibarua maandishi hayo hayamzuii nyapara kukuambia Jumatatu kwamba kazi imekwisha.

Sheria nayo ipo, na inatugusa sisi wenyewe, si waajiri peke yao. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka kila anayekusanya habari za watu azilinde, na zikiingiliwa aitaarifu mamlaka mara moja. Tawi haliwezi kujitetea kwamba tovuti ilikuwa ya bei ya chini.

Msidhani kwamba aliyelipa bei halali amekwisha kusalimika. Ndani ya violezo vingi vya kuuzwa huwa kumefungwa vifaa vya watu wengine, kama injini ya kampuni nyingine ndani ya mashine yenu. Kimoja kilichojulikana sana kilikuwa Slider Revolution, kile kinachotelezesha picha kubwa juu ya ukurasa. Mwaka 2014 kilionekana kuwa na tundu. Mwenye kukitengeneza alikuwa amekwisha kuliziba bila kutangaza sana, na aliyekinunua kwake moja kwa moja aliweza kupata kilichozibwa. Lakini maelfu walikipata kikiwa ndani ya kiolezo, wengine bila hata kujua kwamba wanacho, na sasisho halikuwafikia mpaka mwenye kiolezo alete lake. Mnamo Desemba mwaka huo Google ilizifungia tovuti zaidi ya 11,000 zilizoingiliwa kwa njia hiyo. Mfanyakazi wa karakana ataelewa mara moja: umenunua mashine, lakini kipuri hukukinunua wewe, na mwenye kipuri hakujui.

Kuna na jambo la Nepal, ambalo linatisha kwa sababu hapo hapakuwa na mnunuzi mwizi. Kampuni ya AccessPress Themes iliingiliwa mnamo Septemba 2021, na watu wakatia mlango wa siri katika violezo 40 na vifaa 53 vilivyokuwa vikichukuliwa kutoka katika tovuti ya kampuni yenyewe. Vile vilivyokuwa katika ghala rasmi la WordPress vilikuwa safi. Habari ilitangazwa Januari 2022. Kwa hiyo yafaa kuuliza kiolezo kilitoka ghala gani, siku gani, na tangu siku hiyo nani amekikagua.

Nitaje upesi mengine mawili. Violezo hivi hutengenezwa ili vimvutie mnunuzi siku ya maonyesho, kwa hiyo vimejaa picha kubwa na madoido. Nimeona tovuti ya wakata miwa ambayo ukurasa wake wa mbele ulikuwa na Wazungu wamevaa tai wakicheka mbele ya kompyuta, na chini maneno ya Kilatini ambayo hakuna aliyekumbuka kuyaondoa. Hilo ni la kuchekesha. Lisilochekesha ni kwamba mkata miwa hulipia uzito huo wote kwa bando lake. Na tangu Julai 2021, ilipoondolewa ile kodi ya shilingi 200 kwa siku, serikali iliweka asilimia 12 juu ya data yenyewe. Ukurasa ukiwa mzito mara kumi, mwanachama anakatwa mara ya pili kwa ajili ya chama chake.

La pili ni kubadilisha. Violezo vingine hushika maandishi yenu kwa namna yao wenyewe, hata mkikivua kiolezo, makala zote zinabaki zimezungukwa na mabano na alama zisizosomeka. Ni kama kuchomelea sanduku la posho sakafuni.

Basi kamati ifanye nini? Bei ya chini peke yake si ugonjwa. Ghala rasmi la WordPress lina violezo vingi vya bure vilivyopitiwa kabla ya kuwekwa, na WordPress wenyewe wamekuwa wakitoa vya kwao, vyepesi, vinavyotosha kabisa kwa tangazo la mkutano na mkataba wa pamoja. Mimi ningechukua hicho cha bure na kumlipa kijana kwa kazi ya mikono yake, pamoja na fungu dogo la kila mwezi la kuweka masasisho na kutoa nakala ya akiba, nakala hiyo ikae ofisini na si kwenye seva ile ile. Nakijua kisingizio, kwamba fungu la kila mwezi halimo katika bajeti. Mashine ya kiwandani haiendeshwi bila grisi, na hakuna katibu anayeshangaa kuona grisi katika hesabu.

Neno la siri la msimamizi liwe kwa viongozi wawili, kama zinavyokuwa sahihi za benki, na likibadilika kiongozi libadilishwe siku hiyo hiyo. Orodha ya wasimamizi wa tovuti ifunguliwe mbele ya kamati kila mkutano. Ni kazi ya dakika mbili, na jina geni litaonekana. Siku moja moja mwanachama aifungue tovuti kwa simu yake mwenyewe, si kwa kompyuta ya katibu.

Na fomu ya kujiunga iondolewe. Najua inapendeza. Lakini jina la mfanyakazi ambaye hajapata ulinzi wa chama halina haja ya kulala kwenye seva ambayo hatujui nani anaifungua. Wekeni namba ya simu ya ofisi, naye atapiga.

Kama kiolezo kitanunuliwa, kinunuliwe kwa akaunti ya tawi na kwa barua pepe ya tawi, si ya kijana, kwa maana masasisho humfuata aliyesajiliwa. Jina la tovuti vilevile. Risiti zote mbili zikae katika faili la mweka hazina, pamoja na zile za meza na viti.