Kanieneo, Mtiririko na Akiba: Maneno ya Maji ya Bomba Nyumbani

Miongoni mwa maneno yatumikayo kila siku majumbani na maofisini, yale yahusuyo maji ya bomba yameangaliwa kidogo sana na watu wa istilahi. Huenda sababu ni kwamba kila mtu hudhani anayajua. Lakini neno linalojulikana na wote si lazima liwe na maana moja kwa wote. Na pale neno moja linapobebeshwa dhana mbili, hasara haionekani katika kamusi tu, bali hata katika mifuko ya watu.

Mwandishi wa makala haya anao ushahidi. Wakati mmoja alipewa kazi ya kufasiri maelekezo ya utunzaji wa mabomba katika nyumba za watumishi. Matini ya asili ilitofautisha mambo mawili: jinsi maji yanavyosukuma, na wingi wa maji yanayotoka kwa dakika. Yeye aliyafasiri yote mawili kwa maneno "nguvu ya maji". Miezi michache baadaye wasimamizi wa nyumba hizo waliagiza pampu, kwa kuwa karatasi ilisema kwamba nguvu ya maji ikipungua iongezwe. Pampu ikafungwa, na maji yakaendelea kutoka kwa unyonge vile vile. Fundi aliyeitwa baadaye alikuta chujio la bomba kuu, pale maji yanapoingilia uwanjani, limejaa mchanga. Pampu ilikuwa ikivuta kile kidogo tu kilichoweza kupenya. Kosa halikuwa la wasimamizi. Lilikuwa la mfasiri.

Kanieneo

Dhana ya kwanza ni ile ya kani inayokandamiza eneo. Istilahi "kanieneo" imeundwa kwa kuunganisha maneno hayo mawili, na kwa hiyo inajieleza yenyewe. Kipimo chake ni paskali, kwa heshima ya Blaise Pascal, mtaalamu wa Ufaransa aliyeishi kati ya 1623 na 1662. Jina hilo la kipimo lilikubaliwa kimataifa mwaka 1971. Kwa kuwa paskali moja ni ndogo mno, katika mambo ya maji hutumika kilopaskali, yaani paskali 1,000.

Maji yaliyotulia katika bomba hupata kanieneo kutokana na kimo chake. Kila mita moja ya kimo, kutoka usawa wa maji tangini hadi kwenye bilula, huleta takriban kilopaskali 9.8. Tangi ambalo maji yake yako mita 3 juu ya bilula litatoa kilopaskali 29 hivi. Likiinuliwa hadi mita 6, kanieneo itakuwa maradufu. Ukubwa wa tangi hauongezi kitu. Tangi la lita 5,000 halisukumi maji kuliko la lita 500, ikiwa usawa wa maji yake ni mmoja. Wako watu walionunua tangi kubwa zaidi wakitumaini kuondoa unyonge wa maji, kumbe walichohitaji ni mnara mrefu zaidi.

Maneno mengine yanashindana na hili. "Presha" ndilo neno la mitaani na la mafundi, lakini ukisema mtu ana presha, wote watafahamu kuwa ni mgonjwa. "Shinikizo" limekwisha kuzoeleka katika tiba, na pia katika siasa. "Msukumo" ni neno zuri na jepesi, ila huweza kutaja tendo lolote la kusukuma. Kwa maoni yetu, vitabu vya shule na vya ufundi vitumie "kanieneo". Matangazo kwa wananchi yanaweza kutumia "msukumo wa maji", mradi neno hilo lisitumiwe tena kwa dhana ya pili, ambayo tunaieleza sasa.

Kima cha mtiririko

Dhana ya pili ni wingi wa maji yanayopita mahali kwa muda fulani. Tunapendekeza iitwe "kima cha mtiririko". Kupima kima hicho hakuhitaji chombo cha maabara. Weka ndoo ya lita 20 chini ya bilula, fungua maji yote, utazame saa. Ndoo ikijaa kwa dakika 2, kima cha mtiririko ni lita 10 kwa dakika.

Uhusiano wa dhana hizi mbili ndio ufunguo wa matengenezo. Bilula zote zikiwa zimefungwa, kanieneo huweza kuwa nzuri kabisa hata kama bomba limeziba kiasi. Bilula ikifunguliwa, maji huanza kusuguana na kuta za bomba, na sehemu ya kanieneo hupotea njiani. Bomba likiwa jembamba, refu au lenye kutu ndani, hupotea zaidi. Kipenyo kina uzito kuliko watu wanavyodhani: uwazi wa bomba la robo tatu inchi ni mara 2.25 ya uwazi wa bomba la nusu inchi.

Kwa hiyo mwenye nyumba anayelalamika kwamba maji yanatoka kwa unyonge, kabla ya kununua kitu chochote na ajiulize maswali haya kwa utaratibu. Je, jirani naye ana shida hiyo? Ikiwa anayo, chanzo chaelekea kuwa nje ya nyumba: saa za asubuhi ambapo wengi hufungua maji kwa pamoja, au kimo cha mtaa wenyewe. Je, ni bilula moja tu? Basi afungue chujio dogo lililo mdomoni mwake, alitoe mchanga, na kama limeshika chokaa alilaze katika siki. Je, ni nyumba nzima? Atazame kama koki kuu na koki ya mita zimefunguliwa zote, kisha chujio la bomba kuu. Je, bilula moja hutoka vizuri, lakini ya pili ikifunguliwa zote mbili hudhoofu? Hapo bomba ni jembamba au limejaa kutu, na dawa yake ni kulibadili. Pampu ni jambo la mwisho.

Bomba, bilula, mfereji na koki

Tumetumia hapa juu neno "bilula", na baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini hatukusema "bomba". Neno "bomba" asili yake ni Kireno, ambako maana yake ni pampu. Katika Kiswahili limepanuka hata likawa mrija wa kupitishia maji, chombo cha kuvutia maji na, katika mazungumzo, pale mahali pa kuchotea. Mtu akisema "bomba limeharibika", fundi hajui aje na msumeno au na kipande cha mpira. Katika sehemu za pwani na Kenya, mahali hapo pa kufungulia maji huitwa "mfereji", neno ambalo kwingine ni handaki la kupitishia maji. Hatukusudii kulifuta lolote kati ya hayo, maana yana wenyewe. Lakini katika maandishi ya ufundi, "bomba" libaki kuwa mrija, "pampu" iwe mashine, "bilula" iwe pale tunapokinga maji, na "koki" iwe kifungio kilicho katikati ya njia.

Kuhifadhi si kubana

Neno lenye hatari zaidi ni "kuhifadhi". Tangazo likisema "wananchi wanaombwa kuhifadhi maji", mwandishi alikusudia watu watumie kidogo. Msomaji ambaye amezoea mgao wa maji anaelewa kinyume chake: ajaze ndoo, mapipa na masufuria mapema kabla maji hayajakatika. Mtaa mzima ukitii tangazo hilo saa moja, kima cha mtiririko kwa kila nyumba hushuka, na walio juu mlimani hukosa kabisa. Tunapendekeza "kuweka akiba ya maji" kwa maana ya kujaza vyombo, na "kubana matumizi ya maji" kwa maana ya kutumia kwa uangalifu.

Vivyo hivyo tutofautishe "kudondoka" na "kuvuja". Maji hudondoka katika mdomo wa bilula isiyofunga sawasawa, na mara nyingi tiba yake ni kubadili kipande cha mpira kilichomo ndani. Huvuja pale yanapotoka mahali yasipopaswa kutoka, kama vile kwenye kiungo cha bomba. Tone moja kwa kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Tukikadiria matone 20 kwa mililita, hizo ni zaidi ya lita 4 kwa siku, na zaidi ya lita 1,500 kwa mwaka. Uvujaji uliofichika hujulikana kwa mita: funga bilula zote, soma mita, ngoja saa moja, usome tena. Mita ikiwa imesogea, maji yanakwenda mahali. Kwa choo cha kuvuta, tia rangi ya chakula katika tangi lake na usivute. Rangi ikionekana katika bakuli baada ya nusu saa, tangi halizuii maji.

Hatima

Maneno tuliyoyatoa hapa ni mapendekezo. Mafundi wa mabomba wanayo mengine ambayo hayajaandikwa popote, na walimu wa ufundi huyasikia kila siku. Tunawaomba wasomaji watuletee maneno hayo pamoja na jina la mahali yanapotumika. Mfasiri aliyekosea mara moja hana budi kuuliza kabla ya kuandika mara ya pili.