Harufu za Usiku na Ndoto za Mtu Aliyelala

Katika nyika za Kajiado uko mti mdogo uitwao leleshwa, wenye majani ya kijivu yanukiayo kama kafuri. Tangu zamani Wamasai wameyatumia majani hayo kwa kutandika malalo, na vijana wameyatia kwapani yawe manukato. Basi, je, harufu njema yaweza kumfuata mtu hata ndotoni?

Mwaka 2008 Daktari Boris Stuck wa Mannheim, Ujerumani, pamoja na wenzake, walitoa habari za uchunguzi wao. Wanawake 15 walilala, na kila mmoja alipofika katika usingizi wa ndoto alipitishiwa puani harufu ya waridi au ya mayai yaliyooza, kisha akaamshwa na kuulizwa aliota nini. Walionusishwa waridi walisimulia ndoto za furaha zaidi. Walionusishwa uvundo, ndoto zao ziliingia uchungu. Lakini hawakuota waridi wala mayai: harufu iligeuza moyo wa ndoto, si hadithi yake. Sababu ni kwamba habari za pua hufika upesi katika sehemu za ubongo zinazotawala hisia na kumbukumbu.

Hata hivyo, pua si mlinzi mwema wa usiku. Mwaka 2004 Rachel Herz na Mary Carskadon wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha kwamba katika usingizi mzito kabisa hakuna aliyeamshwa na harufu, iwe nzuri ya peremende au mbaya ya kemikali. Sauti ndiyo iliyofaa zaidi kuwaamsha.

Jambo hili lapasa kufikiriwa sana Kitengela, mji uliokua upesi kando ya barabara iendayo Namanga, ambako wengi wamepanga vyumba vidogo. Mwezi wa Juni na Julai usiku una baridi kali, na wako watu ambao huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na harufu, rangi wala ladha. Aliye macho haitambui, aliyelala ataitambuaje? Wengine hawaamki tena.

Kwa hiyo mtu akiamka na kichwa kinachouma, kichefuchefu na kizunguzungu, naye alilala na jiko, asisingizie ndoto mbaya wala uchawi. Na atoke nje mara moja, awatoe na wenzake, kisha aende hospitali.

Yafaa kila mwenye nyumba atoe jiko nje kabla ya kulala, aache upenyo wa hewa, na kujifunika blanketi la ziada. Hapo ndipo atakapoweza kuweka majani yake ya leleshwa karibu na mto, akalala salama.